Saa Moja ya Barafu

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kibovu cha wagonjwa, umekalishwa juu ya matofali manne nje ya ukuta wa hospitali, upande wa geti la nyuma. Mwenye kijiwe ni Bi Birika, na kahawa yake ni chungu kama deni la jirani. Kila Jumatatu, jua likichomoza, huja hapo Barafu, fundi wa ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa. Jina hilo amelipata kwa kupita getini na ndoo ya barafu kabla wagonjwa hawajaanza kuingia. Huizamisha humo chupa yake ya maji, hutoka, hukaa benchini saa nzima, kisha hurudi. Mwaka mzima hajasema maneno yanayojaza kisoda, na wenzake wakasema ni maringo. Maringo gani, jamani! Mtu kafiwa na mkewe, nyumbani anapika sufuria moja na kula peke yake, mdomo ushasahau kazi yake.

Leo alitazama saa yake mara tatu kabla kikombe hakijamfikia.

— Unatazama nini? aliuliza Fundi Saa, ambaye hutengeneza saa za watu na ya kwake imesimama. Barafu si maharage, kwamba utaambiwa imeiva.

— Mwache, alidakia Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna. Mimi siri yake nishaijua. Ile chupa ina jini. Akipata joto anachafua picha za watu, ndiyo maana wanamgandisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Mgonjwa si analazwa? Basi ndiyo kuinama kwenyewe.

— Jini wapi, we! alisema Fundi Saa. Yale ni maji ya kunywa ya wakubwa. Yanapitishwa kwenye sumaku, yanatolewa magonjwa yote. Ushamwona daktari mkuu akipiga hata chafya?

— Nyote hamna habari, alisema Bi Birika huku akimimina. Humo ndani kuna tajiri mmoja kagandishwa tangu zamani, anasubiri dawa yake ivumbuliwe. Hiyo chupa ndiyo chai yake ya Jumatatu.

— Kwa hiyo anakunywa mara moja kwa wiki?

— Kama huna nguvu ya kutafuna, utafanyaje?

Siku zote Barafu huwaacha waseme mpaka wachoke. Leo hakuwangoja.

— Ni maji tu, alisema.

Wakamgeukia wote. Breki alishusha kikombe.

— Maji tu. Mashine ile inapima jinsi maji yanavyotembea ndani ya mwili. Penye uzima yanatangatanga yatakavyo. Penye uvimbe mbaya pamebanana, hayana pa kupita, namba inashuka. Sasa mtajuaje kama mashine inasema kweli? Mnaipa kitu ambacho jibu lake mnalijua. Maji yaliyokaa kwenye barafu inayoyeyuka mwendo wake ni uleule dunia nzima. Moja nukta moja. Ile chupa ndiyo mgonjwa wetu wa bandia.

— Kumbe ni mtihani! alisema Fundi Saa. Na mtahiniwa ni mashine.

— Nilijua, alisema Breki. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Ila sharti usubiri saa nzima, aliendelea Barafu. Ukiharakisha, maji ya katikati ya chupa yanabaki na joto, na yenye joto yanakimbia. Namba inapanda.

Kilichobaki hakikuwa cha kusemwa mbele za watu. Jumatatu iliyopita mkewe alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Hakuweza kukaa kijiweni asikilize vicheko. Aliiacha chupa kwenye barafu dakika ishirini tu, akaitia mashineni. Moja nukta tatu. Akajiambia ni haraka yake, wagonjwa wameshapanga foleni mlangoni, akafungua daftari akaandika moja nukta moja, kama wiki zote. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika namba ambayo macho yake hayakuiona. Mkewe alipokuwa hai, kila Jumatatu jioni, kabla hajavua viatu, sauti ilimfikia kutoka jikoni: “Maji yamesemaje leo?” Mkewe hakujua sumaku wala nukta, lakini aliuliza, naye alijibu. Mtu anayekukatia vitunguu huwezi kumdanganya. Jumatatu iliyopita hakuna aliyeuliza. Aliogopa kosa lenyewe, lakini kilichomuuma zaidi ni jinsi lilivyokuwa rahisi.

Na kama haikuwa haraka? Kama ni mashine yenyewe imepotoka, ikawa inapandisha kila namba, basi wiki nzima palipo pabaya pameonekana pazuri.

Mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi, bahasha kubwa ya picha imebanwa kwapani.

— Hamjambo, wazee?

— Hatujambo, dada, karibu! alisema Breki akijisogeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alikaa, akapokea kikombe. Mumewe anasubiri dirisha la dawa lifunguliwe, alisema. Kichwa kinamsumbua mwezi wa tatu sasa, hata majina ya watoto anayachanganya. Jumatano walimpiga picha, Ijumaa jioni wakaambiwa ni safi, wapewe dawa za maumivu warudi kwao. Basi lao linaondoka mchana.

— Nimewasikia mkitaja mashine. Kumbe inapimwa kwa maji?

— Kila Jumatatu bila kukosa! alijibu Breki, utadhani ndoo anabeba yeye. Na mpimaji ndiye huyu hapa.

— Mungu akuweke, baba. Alipuliza kahawa yake, akauliza tu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Na Jumatatu iliyopita, maji yalisemaje?

Breki alifungua mdomo, akakumbuka kwamba Jumatatu ile Barafu hakukaa benchini, na kwa mara ya kwanza breki zikashika. Fundi Saa aliikodolea macho saa yake iliyosimama. Bi Birika aliinamisha birika, yakatoka mashapo matupu.

Barafu alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Mwaka mzima alikuwa akilisubiri swali lile, na hakujua kama analisubiri.

— Sijui, mama, alisema. Niliharakisha, halafu nikaandika uongo. Msipande basi leo. Maji yaseme yatakavyosema, mimi namwendea daktari, na picha ya mzee itarudiwa.

Mwanamke aliweka kikombe chini. Aliikumbatia bahasha kwa mikono miwili.

Saa ilikuwa imetimia. Barafu alinyanyuka, akapiga hatua tatu kuelekea getini, akageuka.

— Utakuwa hapa nikitoka?

— Nitakuwepo.

— Basi niulize tena.