Kiwiko Anastaafu, Shavu la Kulia Limemtangulia

Ifikapo tarehe 30 Juni, dereva wetu mkuu atarudisha funguo za lori baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusambaza mabomba. Mimi, muuguzi wa zahanati ya kampuni, nimeombwa nimsifu. Haya, namsifu, ila nimekunja uso.

Alianza kama utingo, akapata leseni, akakabidhiwa lori, na tangu siku hiyo kiwiko chake cha kulia hakijaingia ndani ya gari. Ndiyo maana hata mkurugenzi anamwita Kiwiko. Hajawahi kupindua gari wala kuchelewesha mzigo, na njia zote za mkato anazo kichwani. Kwa hayo, heko.

Sasa tuje kwenye uso. Anayeketi kushoto kwake humwita kaka. Askari wa barabarani anayesimama dirishani humpa shikamoo kabla hajaomba leseni. Shavu la kushoto ni laini. La kulia lina makunyanzi, mabaka, na ngozi iliyokakamaa kama kiatu kilichosahaulika juani. Mwenyewe anadai upande huo amefuata ukoo wa baba. Jamani! Nimemweleza hadi koo limekauka kwamba ni jua, linazeesha ngozi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hata ngozi nyeusi, hata kupitia kioo kilichofungwa. Anaitikia vizuri, kisha anashusha kioo. Mafuta ya kukinga jua niliyompa aling'arishia dashibodi. Mkewe akamshonea mkono wa kitambaa wa kuvaa akiendesha. Akaufunikia usukani usipate moto. Usukani huo hadi leo ni kama mpya.

Ningeyacheka yote haya kama si kile kidonda chini ya jicho la kulia. Miezi inapita, hakiponi, na kila nikimwambia akaonane na daktari wa ngozi, anajibu ataenda akistaafu. Huenda si kitu. Huenda ni kitu, na hapo ndipo usingizi unaponipaa. Nimewauguza wengi mno waliosema hawana muda, na huyu tunampenda.

Basi, Kiwiko, unastaafu. Visingizio vimekwisha. Asante kwa kila mzigo uliofika salama na kila mwenzetu uliyemfikisha nyumbani. Jumatatu asubuhi gari litakuwa mlangoni kwako. Daktari anakusubiri, mkeo ameshakubali, na usukani nitashika mimi. Wewe utakaa kushoto, kiwiko ndani, na dirishani nimeshatundika kitambaa. Tunakutakia uzee mwema, na safari hii mashavu yote mawili yazeeke pamoja.