Mama Zima na Mashine Isiyo na Mwenyewe

"Jamani, mashine hii ni ya nani?" Swali hilo marehemu mama yetu aliliuliza Jumatatu, tarehe 4 Julai 2022, saa nne na robo asubuhi, katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili pale chuoni alipofanya kazi, mbele ya wakuu kumi na mmoja wa idara, wengine wakatazama simu zao, mmoja akasema, "Mama Zima, chai inapoa," wakacheka, kikao kikafungwa. Ndugu waombolezaji, familia imeona historia hii ianzie hapo ndipo irudi mwanzo, maana bila swali hilo hamtamjua vizuri mtu tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la idara ya maji, mtoto wa tatu kati ya sita wa msoma mita na mshona nguo, na tangu akiwa na miaka saba alifuatana na baba yake siku za likizo, yeye ameshika daftari, baba amepiga magoti anafuta vumbi kwenye kioo cha mita na kumtajia tarakimu, na huko ndiko alikojifunza kwamba bomba likivuja uani kwa mtu, mita haiulizi kama kuna aliyekunywa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974, akamaliza la saba mwaka 1980, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1984, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika mbio, jambo alilolisimulia mwenyewe bila kuombwa, kisha akasomea uhasibu na kupata cheti mwaka 1987.

Tarehe 1 Februari 1988 chuo kilimwajiri kuwa opereta wa simu, katika chumba kidogo chini ya ngazi, naye hakumaliza mwezi kabla ya kuanzisha daftari la kuandika kila simu ya mbali, imepigwa kutoka idara gani na kwa dakika ngapi, na walimu waliozoea kubembeleza wachumba wao kwa gharama ya idara ya kilimo walimchukia sana, lakini daftari halikufungwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1991, na fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa kutengeneza mlango wa chumba hichohicho, akatumia siku nne kwa kazi ya saa mbili, hata marehemu akamuuliza, "Fundi, hizi siku tatu za ziada nazo analipa nani?" Fundi akasema atalipa mwenyewe, kidogo kidogo, maisha yake yote, na amelipa, baba yetu ndiye yule pale mbele. Walijaliwa watoto watatu, muuguzi aliyezaliwa mwaka 1993, fundi umeme aliyezaliwa mwaka 1997, na kitinda mimba wa mwaka 2002 anayewasomea historia hii, pamoja na mjukuu mmoja ambaye neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "zima", kwa kuwa ndilo alilolisikia kutwa nzima, zima taa, zima feni, zima hiyo redio inayohutubia viti.

Mwaka 2015 chuo kiliacha kununua kompyuta zake kubwa, kikaanza kukodi za kampuni iliyo mbali, ndizo hizo watu wanaziita wingu, na marehemu, akiwa na miaka arobaini na tisa, alipelekwa kozi ya wiki sita, akarudi kuwa mfuatiliaji wa matumizi. Majirani walipomuuliza wingu gani hilo, aliwaambia ni kama bomba, unakodi mashine kwa saa, ukiitumia unalipa, ukiisahau ikiwa inawaka unalipa vilevile, mwisho wa mwezi inakuja ankara moja kubwa, na kazi yake ni kuichambua mpaka kila idara ijue imekunywa kiasi gani. Kila mashine aliiwekea lebo ya idara, mhusika na kazi yake, kila Ijumaa alituma orodha ya zile zisizo na lebo, na ambayo haikupata mwenyewe baada ya Ijumaa nne aliizima, ila alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja, alizima, hakufuta, kila kilichomo kilitunzwa siku thelathini ili mwenyewe akijitokeza awashiwe.

Mwisho wa Mei 2022 ankara ilipanda kwa theluthi nzima. Marehemu alipitia mashine mia mbili na kumi na mbili, akakuta kumi na tisa hazina lebo, kumi na nane zikapata wenyewe, ikabaki moja, kubwa kuliko zote, inawaka usiku na mchana na haionekani kufanya lolote. Ijumaa nne zilipita, swali likaulizwa kikaoni kama mlivyosikia, akangoja wiki mbili zaidi, akaizima Jumatatu, tarehe 18 Julai. Kumbe mashine ile ilikuwa na kazi moja, dakika arobaini kila Jumapili, kutayarisha malipo ya wiki ya vibarua, na Jumatatu ya tarehe 25 watu mia tatu na arobaini, wafagiaji, walinzi na wapishi, waliamka hawana ujira.

Marehemu aliiwasha ndani ya dakika kumi na moja, na kabla ya saa tisa alasiri kila kibarua alikuwa amelipwa. Kosa lake alilisema mwenyewe, ripoti yake ilisoma matumizi ya Jumatatu hadi Ijumaa tu, na baba yake angemchapa kwa kusoma mita nusu wiki. Alishuka hadi stoo ya wafagiaji, akasimama kati ya ndoo na fagio akaomba radhi, na msimamizi wao akamwambia, "Mama, wewe umekuja. Mwenye mashine yuko wapi?"

Mwenye mashine hakuja. Ilikuja barua ya onyo, ya tarehe 1 Agosti 2022, ikimtuhumu marehemu kuzima bila idhini mashine ambayo barua yenyewe inasema haikuwa na mhusika. Sasa tuulizane, kama haikuwa na mhusika, idhini angeiomba kwa nani, na kama alikuwepo, mkono wake ulikuwa wapi siku ile ya chai? Marehemu hakugomba, alibadili ripoti ikasoma siku zote saba, akaipangia mashine iamke saa moja tu kila Jumapili kisha ilale, ankara ikashuka, chuo kikajisifu katika taarifa yake ya mwaka, jina lake halimo. Aliandika mara tatu kuomba barua ifutwe, mara ya mwisho akiwa kitandani, na hakujibiwa.

Aligunduliwa ugonjwa wa figo mwezi Oktoba 2023, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata huko aliwauliza wauguzi mashine ya kitanda cha pili inamngoja nani. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na mbili asubuhi, baba akiwa amemshika mkono, akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, wenzake wa ofisini waliomtetea hata kwa sauti ya chini, na kwa namna ya pekee vibarua wa chuo, ambao wamechimba kaburi hili wakakataa malipo. Lala salama, mama, taa tumezizima zote.

Tunajua faili lake la kazi litafungwa mwisho wa mwezi huu, na wakubwa wa chuo mmekaa safu ya mbele. Hatuombi mtu aaibishwe, wala hatuombi fidia. Tunaomba mwitoe barua ile kabla hamjalifunga.