Mungu wa Salamu wa Mama Suzanne

Benchi letu ni mbao mbili za reli zilizolazwa juu ya mawe, nje ya gare, stesheni ya treni ya Kamina, na kahawa ni ya mama Suzanne. Tangu vita ikate njia ya kaskazini, treni ya Kabalo haiendi wala hairudi. Mume wa Suzanne, mashinisti Mwanza, aliiendesha ya mwisho kwenda huko, na mpaka leo hajarudi wala hajatuma neno. Sisi wengine wa reli tumebaki kukaa. Katika kukaa huko mzee Kabamba, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili treni zisigongane, alituundia nchi. Nchi nzima, jamani! Ina mito, masoko na wezi, na kila mmoja wetu ana msafiri wake humo ndani. Kabamba anasimulia, wewe unasema msafiri wako anafanya nini, kisha unarusha mbegu nne zilizopasuliwa. Zikilala vizuri unapita, zikilala vibaya umekwisha. Mimi nimekufa humo mara mbili na bado narudi. Kabamba tunamwita Muumba, isipokuwa Shafii, anayesema jina lile lina mwenyewe. Asubuhi ile Muumba alitangaza kwamba nchi imekomaa, sasa inataka miungu, na kila mtu alete mmoja.

— Lakini kila mungu iko na kizila yake, alisema Muumba. Kintu kya mwiko, kya kumushinda. Mungu yenye kuweza yote inaua muchezo. Munaomba mara moja, kisha munarudia kwenu kulala.

Shafii huuza vitenge, na ukoo wake ni wa Maniema. Tunamwita Hadji ingawa hajafika hata Kabinda. Alisogeza kikombe chake mbali, kana kwamba dhambi ilikuwa ndani ya kahawa.

— Papa Kabamba, mungu iko moja.

— Hizi ni za muchezo, Hadji. Ukitoka ku benchi, unaziacha hapa.

— Basi zibakie hapa. Ata bibi yangu asisikie.

Na unafikiri nani alianza? Yeye yule.

— Yangu ni mungu ya chumvi. Penye anapita, soko inasimama. Kizila yake: hapana kumupunguzia bei. Mukipunguza, chumvi yote ya inchi inageuka maji.

— Ata ya mu chungu?

— Ata ya mu machozi.

Tulipiga makofi, kwa kweli. Abner alinuna. Huyu ni seremala wa mabehewa, na kijiweni jina lake ni Nabii, kwa sababu ya kutabiri kila juma kwamba treni inakuja.

— Hiyo iko mungu ya butiki, alisema Nabii. Yangu iko na tumbo ya lokomotivi. Anakula makaa, anakunywa muto muzima, moshi yake njo mawingu. Akipiga firimbi, mulima inazaliwa.

— Kizila?

— Hawezi kurudia nyuma. Penye amepita, amepita. Njo maana wakubwa balisema, maji ikimwangika haizoleke.

— Nabii, maji inaingilia wapi pale?

— Mu tumbo yake, Hadji! Unafikiri lokomotivi inatembea na mate?

Hadji hakukubali kushindwa. Mungu wake akaoa miezi miwili ya angani, akawajengea nyumba ya chumvi. Mungu wa Nabii akaimeza ile miezi, akaifanya taa zake za mbele. Hadji akasema chumvi imeingia ndani ya bomba, tumbo linatoboka. Walikuwa wamekwisha simama, kila mmoja kidole machoni pa mwenzake. Muumba aliwasikiliza wote wawili bila kucheka, akauliza tu:

— Nabii, hawezi kurudia nyuma. Reli ikiisha?

— Anangoja bantu bamutandikie ingine.

— Basi bantu bakikataa kazi, iko mufungwa yao.

Huyu mzee! Kwa swali moja alimfunga mungu mwenye kuzaa milima, na funguo akawapa wafanyakazi wa reli. 

— Na minyi niko na yangu, alisema Suzanne.

Tuligeuka. Hajawahi kucheza, kazi yake ni kumimina na kutucheka.

— Mungu ya salamu, alisema. Anapita fronti ya vita, anapita barieri ya njiani, asikari hamuone. Anafikisha salamu kwa mwenye yake.

— Kizila?

— Hawezi kubeba muntu. Wala chakula, wala barua. Paka salamu tu.

— Mama, iko mungu kadogo sana, alisema Nabii. Umupe ata panga!

— Nilitaka abebe muntu. Lakini munasema mungu yenye kuweza yote inaua muchezo. Njo nikakata, nikakata, nikabakisha ile yenye siwezi kukaa bila.

Muumba alivua kofia.

— Hii njo ya kwanza ya inchi yangu. Zingine zikae nyuma yake.

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mgeni aliyejiita Mputu, amevimba miguu, kikombe kimempoa mkononi. Alikohoa.

— Ba papa, munisaidie. Ile mungu akifika, akute mwenye salamu hayuko tena, anaachia nani?

— Anauza, alianza Hadji, akaona haya, akainamia kikombe chake.

— Wakubwa balisema... alianza Nabii, na methali ikamkataa.

Tulimtazama Muumba. Alizigeuza mbegu mkononi, hakuzirusha.

— Sijue, alisema. Mimi sikuwahi kumsikia Muumba akisema neno hilo.

— Nauliza juu niko na salamu ya vile, alisema mgeni. Natoka Kabalo na miguu. Mama moja kule alinipa salamu ya mutoto wake wa hapa, Tshala. Nimefika ku mulango, majirani banasema Tshala alikufwa. Salamu ingali mu kinywa. Naogopa kuitupa.

Sote tulijua Suzanne atamwuliza nini mtu wa Kabalo.

— Mashinisti Mwanza ulimuona?

— Hapana, mama.

Suzanne aliweka birika chini, akaja kukaa karibu naye.

— Basi nipe minyi ile ya Tshala.

— Lakini weye haiko mutoto wake.

— Najua. Kama yangu ilifika kule ikamukosa Mwanza, ningependa ata muntu mwingine aipokee.

Mgeni alinyoosha mgongo, akasema kama alivyoagizwa:

— Mama yako anauliza kama uko muzima. Yeye iko muzima. Anasema usisahau kula.

Suzanne akapiga makofi polepole, kama Baluba wanavyopokea salamu ya mkubwa.

— Eyo vidye, alijibu kwa heshima ya Kiluba. Nimekula, mama.