Fundi Aliyefumua Mishono

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu si ile mliyoizoea. Fundi ametutoka. Fundi cherehani wa mtaa wetu, aliyenishonea suruali ya harusi huku akikicheka kiuno changu, amefariki Jumatatu asubuhi. Moyo ulisimama.

Alikuwa na binti mmoja, miaka kumi na mitatu. Mtoto alikuwa akinenepa, wenzake wakimtania. Basi kila muhula Fundi alichukua sare, akafumua mishono, akaitanua kidogo, akairudisha kabatini kimyakimya. Mtoto asijue. Miaka mitatu, wasikilizaji, baba anaficha jambo kwa sindano.

Sketi ilipokosa kitambaa cha kutanua, akampeleka kliniki. Muuguzi akataka waje wote: baba, mama, bibi. Hapo Fundi akaungama habari ya mishono, akalia mbele ya binti yake. Muuguzi hakumgombeza. Alisema, "Mtoto hawezi kubadilika katika nyumba isiyobadilika."

Nyumba ikabadilika. Soda ikaondoka mezani. Televisheni ikazimwa wakati wa kula. Bibi, aliyeamini kwamba kumnyima mjukuu sahani ya pili ni kumchukia, akajifunza kumsifu kwa maneno. Na kila jioni baba na binti walitembea hadi uwanja wa shule na kurudi. Mwaka mzima. Binti akaacha kuhema kwenye ngazi, akaanza kucheka tena.

Fundi mwenyewe, mnamjua, alikuwa pande la mtu. Kifua kilimuuma. Mkewe alimsihi aende hospitali, naye akajibu, "Nikilazwa, mtoto ataacha kutembea. Ngoja shule zifungwe." Mganga hajigangi, na huyu hakuwa hata mganga, alikuwa baba. Shule zinafungwa Ijumaa hii.

Nilipokwenda kutoa pole, binti aliniambia, "Baba alikuwa akisimama kila kona. Nilidhani anasalimia watu. Sikurudi hata mara moja kumwuliza."

Kwa mjane, kwa bibi, na kwako mwanangu: poleni sana. Wewe hukukosa, wewe ni mtoto. Wakubwa tulimwona. Mimi nilimwona wiki iliyopita, ameshika ukuta wa duka, jasho linamtiririka. Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Akacheka, nami nikapita.

Wasikilizaji wapendwa, mtu wako akisimama njiani, usipite.