Mjumbe wa Soko

Fundi cherehani alikuwa kwenye treni, akienda kikaoni kupiga kura kama soko lao lihamishwe. Kwenye kiti cha nyuma yake, muuza nyanya mmoja wa soko hilohilo alikuwa akizungumza na nesi aliyeketi naye kuhusu kura hiyo.

"Mwanangu, tungeulizwa wenyewe, kila mtu anyooshe mkono. Mjumbe tulimchagua, hajarudi kutuuliza."

"Mama, kwetu wodini tunanyoosha mikono kwa kila jambo. Wasio zamu siku hiyo hawapo, basi wanaamuliwa mambo na waliopo. Afadhali mjumbe mmoja wa kumbana."

"Nitambana vipi, na hata sura yake nimeisahau?"

Fundi aliona haya, maana mjumbe huyo alikuwa yeye. Treni iliposimama, aligeuka.

"Shikamoo, mama. Kikao ni saa nne. Nikasemeje?"