Muzee Zihalirwa, Aliyekataa Kuitwa Papa Ferrite

Wasifu wa marehemu Zihalirwa wa Nyamugabo, unaosomwa na binti yake wa kwanza, Colombe, hapa Mudaka, Jumamosi tarehe 8 Machi 1986.

Ndugu mliotoka Bukavu na Bagira, na ninyi majirani wa hapa nyumbani, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza marehemu. Wazee wanaombwa kuketi. Wasifu huu ni mrefu kidogo kuliko mlivyozoea, na ndani yake mna sehemu moja ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isirukwe.

Zihalirwa alizaliwa hapa Mudaka tarehe 24 Mei 1926, mtoto wa tatu wa muhunzi Nyamugabo na mkewe Cibalonza. Padri aliyembatiza alifungua kalenda, akakuta mtakatifu wa siku ile ni Donatien, basi akampa jina hilo, mambo yakaishia hapo. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa nchini, wengi walilalamika. Yeye alisema kwamba mtu ukimwita vipi, mtu ni yule yule.

Baba yake alifua majembe, na wakulima wa Kabare walimwamini kwa sababu alikuwa na masikio. Aliligonga jembe mara moja, akasikiliza, kisha akakwambia kama litapinda shambani au litakatika. Zihalirwa alipokuwa na miaka sita aliokota kipande cha chuma kando ya mivukuto akidhani kimepoa. Kovu lilibaki katika kiganja cha kushoto, na baadaye aliwaonyesha wanafunzi wake kila mwaka: chuma chekundu kinakuonya, alisema, kile kilichorudia weusi ndicho kitakachokuchoma.

Alisoma shule ya msingi kwenye misioni kuanzia 1934 hadi 1940, kisha shule ya ufundi ya mabruda hadi 1945. Huko, katika kitabu kimoja cha Kifaransa chenye jalada lililoliwa na mende, alikutana na neno lililokuja kuwa rafiki yake na baadaye adui yake. Kitabu kilieleza kwamba chuma cha pua, kile tunachokiita acier, si kitu kimoja. Ukikisugua mpaka king'ae na kukitazama kwa mashine ya kukuza, unaona punje za namna mbalimbali. Kuna ngumu, na kuna laini ambazo ni chuma karibu kitupu. Zile laini zinaitwa ferrite. Ndizo zinazofanya chuma kipinde kabla ya kukatika. Kijana alifurahi mno, kwa kuwa kile ambacho baba yake alikisikia kwa sikio, wazungu nao walikuwa wamekiona kwa jicho na kukipa jina.

Alianza kazi mwaka 1946 kwenye karakana moja ya magari mjini, wakati Bukavu ikiitwa Costermansville. Tarehe 14 Julai 1951 alimwoa Madeleine, ambaye yupo hapa mbele. Pete ya uchumba aliichonga mwenyewe kutoka kwenye nati ya lori, akaisugua hadi ikang'aa kama fedha. Baada ya wiki mbili kidole cha bibi arusi kilikuwa na duara ya kahawia, naye akawaambia shangazi zake kwamba ameposwa na kutu. Pete ya kanisani ilinunuliwa dukani, Madeleine hakutaka mjadala.

Mwaka 1962 aliitwa kufundisha teknolojia ya metali katika shule moja ya ufundi mjini. Hapo ndipo alipopata jina la utani. Somo la kwanza la kila mwaka lilikuwa lile lile: kila mwanafunzi alipewa kipande cha waya wa kufungia nondo, akaambiwa akipinde na kukinyoosha. Darasa zima likahesabu kwa sauti, naye akizunguka kati ya meza akisema, "Inalalamika, lakini haikatiki. Juu ya nini? Juu ya ferrite." Wanafunzi walimwita Papa Ferrite, yaani Baba Ferrite. Mwanzoni alilipenda sana jina hilo, na mwenye kumwita hivyo njiani kule Kadutu alijibiwa kwa kicheko.

Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Venant Balagizi, mzaliwa wa Idjwi, aliyemaliza mwaka 1973. Marehemu alisema hakuwahi kufundisha mkono mtulivu kuliko ule. Venant akawa fundi na mwendeshaji wa boti ya mfanyabiashara mmoja, akipeleka watu na mizigo kati ya Bukavu na kisiwa.

Jumatano tarehe 10 Agosti 1977, saa kumi jioni, Zihalirwa alikuwa juu ya ngazi akipiga misumari kwenye bati la jikoni. Binti yake Colombe alikuwa chini akimenya maharagwe, naye aliyasikia yote. Venant alifika kwenye ua akiwa na mfuko begani. Alisema goupille ya mtambo wake imekwisha. Goupille ni kile kijiti kifupi cha chuma laini kinachoshika panga linalozunguka majini. Kipindi kile vipuri vilikuwa haba, mnakumbuka.

"Mwalimu," akasema, "nilipata ferrite ku soko, iko na jina yake juu ya boîte. Nilijaribu na aimant, sumaku yangu, inashika. Ni ile yetu ya mu masomo?"

Zihalirwa alikuwa na misumari miwili mdomoni. Hakugeuka kuliona hilo boksi.

"Kama ni ferrite, ni ferrite," akajibu. "Haina ndugu."

Venant akashukuru, akaenda zake.

Ijumaa tarehe 12 Agosti, mchana, boti ilikuwa karibu kufika Idjwi upepo ulipoanza. Goupille ikavunjika. Waliookoka walisimulia kwamba fundi alizama chini ya mtambo akaweka nyingine, nayo ikavunjika, akaweka ya tatu. Kila mara aliwaambia abiria wasiogope, hii ni chuma ya kuvumilia. Boti ikasukumwa kwenye mawe. Walikufa watu watatu: mwanamume na mkewe waliokuwa wakirudi kutoka hospitali, na Venant mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mwenye boti alitaka kujua kilichotokea, akaleta mtambo shuleni ili mwalimu auchunguze. Ndani ya tundu la goupille Zihalirwa alikuta vipande vyeusi vilivyovunjika kama kigae. Na katika sanduku la vifaa la Venant alikuta boksi dogo la karatasi lenye vijiti viwili vilivyobaki. Juu yake kulikuwa kumeandikwa FERRITE.

Siku hiyo hiyo aliandika ripoti. Ilikuwa na mistari minne, na wa mwisho ulisema kwamba fundi aliweka kitu kisichofaa. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuandika kwamba fundi alikuwa ameuliza. Familia inasema wazi leo: Papa aliogopa. Aliogopa kazi yake, aliogopa jina lake, na alipotaka kurekebisha, ripoti ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya watu. Kuanzia hapo Venant akawa yule fundi mjinga aliyeua abiria kwa uvivu. Mama yake, Maman Apolline, alitukanwa hadi sokoni, akahama Idjwi, akaja kupanga chumba Kasha, mahali ambapo hakujulikana.

Zihalirwa alichukua kijiti kimoja cheusi akakipeleka kwa Alphonse, mtengeneza radio wa Nyawera. Alphonse alikitazama mara moja tu.

"Hii njo ferrite, mwalimu. Ya mu radio, inakamataka ma-ondes, mawimbi ya radio. Lakini uishike muzuri. Ukiiangusha chini, inavunjika sawa sahani."

"Ferrite ni laini," Zihalirwa akasema.

"Ya kwako, labda. Hii banaipikaka mu four, mu tanuru, sawa chungu."

Miaka kumi na tano ya kufundisha, na hilo hakulijua. Alinunua daftari lenye mistari, akaanza kulifukuzia lile neno kama mtu anayemtafuta mwizi nyumba kwa nyumba. Padri Théodore alimwambia kwamba ferrum ni chuma kwa Kilatini, na hiyo -ite ni mkia uliotoka Ugiriki, ambao wataalamu wa mawe huubandika kwenye majina ya mawe. Kwenye vitabu vya maktaba alisoma kwamba wachunguzi wa acier walilichukua neno katika karne iliyopita ili kutaja zile punje laini. Wakemia nao walikuwa na ferrite yao, chumvi ya kutu na metali nyingine. Kutoka kwa wakemia likaenda kwa watu wa umeme, ambao huchanganya unga wa kutu na metali nyingine, wakaukandamiza, wakauchoma, wakapata jiwe jeusi linalovutwa na sumaku. Mzazi mmoja, watoto watatu, jina moja. Aliyaandika yote kwa wino wa bluu, mwandiko wake ule ule mzuri. Alikuwa akitafuta maana ambayo ingemwondolea kosa. Kila ukurasa ulimrudisha juu ya ngazi.

Mnaomjua mtakumbuka kwamba tangu hapo hakuruhusu radio ndani ya nyumba, na aliyemwita Papa Ferrite njiani aligeuziwa mgongo. Watu walidhani ni majivuno ya uzee. Hamkujua kwamba kila alipolisikia jina hilo, alilisikia kwa sauti ya mtu mmoja. Wa nyumbani tuliona mengine. Alisimama uani, saa kumi jioni, uso umeelekea mahali Venant aliposimama, akanyoosha mkono na kusema taratibu, "Lete nione." Alisubiri. Kisha aliurudisha mkono mfukoni. Hali hiyo ilidumu miaka minane, na kwa kweli ilitutisha. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Darasani, hadi siku yake ya mwisho ya kazi mwaka 1984, hakujibu tena swali la mwanafunzi kabla ya kukishika kile kitu mkononi.

Kuanzia 1978, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikwenda Kasha kwa miguu, amebeba maharagwe au unga. Kila mara alikwenda kusema. Maman Apolline alimpa kiti, akamfutia vumbi kwanza.

"Mwalimu, ni weye tu njo unakuyaka kuniona," alimwambia. "Benye balikuwa bananiita maman, leo bananipita mu njia. Mungu akubariki."

Baada ya maneno kama hayo, nani angefungua kinywa? Papa alikula alichopewa, akarudi nyumbani, akalala bila kuvua viatu.

Alianza kuugua Oktoba 1985. Madaktari walisema ni ini. Mwezi wa kwanza mwaka huu alimwita Colombe, akamwambia achukue kalamu. "Usiandike kama nilikuwa mwalimu muzuri," alisema, "mbele ya kuandika ile ya Venant." Tarehe 3 Machi, siku ya Jumatatu, aliomba aitwe Maman Apolline. Emile, mtoto wa marehemu, alikwenda kumleta. Maman alipofika, sauti ya mgonjwa ilikuwa imekwisha. Alisema "Venant" mara mbili tu. Maman alidhani anamkumbuka mwanafunzi wake, akamshika mkono, akamshukuru kwa miaka yote ile. Papa alilia bila sauti. Sote tuliokuwa chumbani tuliinamisha vichwa, na Maman akarudi Kasha bila kujua. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi, saa tatu asubuhi.

Emile hakutaka sehemu hii isomwe. Aliona si adabu kumvua baba nguo mbele ya watu siku ya kumzika. Walibishana na dada yake hadi mama yao akawanyamazisha. "Musome," Madeleine alisema. "Papa yenu amelala. Ule maman hayalalaka tangu myaka tisa."

Marehemu ameacha mjane, Madeleine, watoto watatu, Colombe, Emile na Adolphine, wajukuu saba, na wanafunzi zaidi ya mia sita, wengi wao wapo hapa nao ni mafundi wazuri.

Ameacha pia Maman Apolline, wa Kasha, aliyeketi safu ya pili. Maman, familia yote inasimama sasa mbele yako, hata Emile. Watu wa Idjwi waliofika leo na watu wa Bukavu wasikie, wakalirudishe neno hili kule walikolitoa lile la zamani. Mtoto wako hakuwa mjinga, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na shaka, akatembea hadi nyumbani kwa mwalimu wake, akauliza. Aliyejibu bila kutazama ni Papa, na binti anayesoma hapa alisikia, akanyamaza naye.

Hatukuombi utusamehe leo. Tunaomba tu jina la mtoto wako litangulie.

Venant Balagizi apumzike kwa amani. Na mwalimu wake, nyuma yake.