Risala ya Wapanda Maua wa Tamarack Kuhusu Majani Yanayokatwa Mapema

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Bustani za Mji, Bwana Harlan Voigt, majirani, mabibi na mabwana:

Tunakukaribisha katika Bustani ya Umma ya Tamarack. Ni mara yako ya kwanza kufika maua yakiwa yamechanua. Tunaomba uyatazame vizuri, maana ni machache, na tutaeleza kwa nini.

HISTORIA
Kikundi chetu kilianza mwaka kiwanda cha karatasi kilipofungwa na bustani ikabaki bila mtunzaji. Kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, tunapiga magoti na kufukia matunguu, yaani mashina ya chini ya ardhi yanayofanana na vitunguu, ya maua ya tulipu na dafodili. Hatulipwi, wala hatujaomba kulipwa.

MAFANIKIO
Miaka ya mwanzo maharusi walikuja kupigia picha hapa. Kulungu walipokula tulipu, tuliongeza dafodili, ambazo hawazigusi. Tatizo la kulungu limekwisha.

CHANGAMOTO
Limebaki la ofisi yako. Ua likishanyauka, majani hubaki mabichi kwa wiki kadhaa, na kwa majani hayo tunguu hujilisha ili lichanue mwaka unaofuata. Ofisi huyaona ni uchafu na huyafyeka. Mwaka juzi ilituagiza tuyafunge mafungu kwa vipande vya mpira ili yapendeze. Tulitii, nayo yakakosa jua. Mwaka jana tuliweka vibao vya kuzuia. Dereva wa mashine ya kukatia nyasi, Bwana Wendell Stroud, aliving'oa, akafyeka, kisha akavirudisha vyote mahali pake, vimenyooka.

Mwenzetu Bi Loretta Haas alimfuata kumuuliza.

"Mama, mimi nimeambiwa kata, nakata," alijibu Wendell. "Mwenye neno aende ofisini."

"Huko ndiko nilikotoka, mwanangu. Wameniambia nije kwako."

"Basi wote wawili tumechoka."

Bi Loretta alimwambia kwamba kumziba mtu mdomo halafu kumshangaa amekonda ni kazi ya ajabu. Wendell alicheka, akakubali, akawasha mashine.

Sasa tumepokea taarifa kwamba, kwa kuwa maua "yameshindwa kustawi", vitanda vyote vya maua vitang'olewa msimu huu wa vuli na kupandwa nyasi. Mgeni rasmi, maua hayakushindwa. Kitanda kilicho nyuma ya kibanda cha zana, ambako mashine haipiti, kimechanua chote. Ni matunguu yale yale, udongo ule ule, na mikono ile ile. Tunaomba ukitembelee kabla ya kuondoka.

MAOMBI
Ombi ni moja: majani yasiguswe mpaka yageuke manjano yenyewe, na uamuzi wa kung'oa vitanda usubiri majira ya kuchipua yajayo.

Ofisi yako ilitutaka tukuandalie tunguu la kupanda leo kwa ajili ya picha. Hatukuandaa. Tunguu la tulipu halipandwi mwezi wa Mei. Badala yake, Bwana Stroud yuko pale kando ya mashine yake. Ratiba inamtaka aanze kufyeka Jumatatu. Ametuambia akisikia neno kutoka kinywani mwako atairudisha gereji. Ni hatua chache, na mpiga picha yupo.

Tunakutakia afya njema, wewe na nyumba yako. Pai ya tufaha imeshakatwa; tutaila ukisharudi kutoka kwa Bwana Stroud.

Ni sisi,
Wapanda Maua wa Kujitolea, Bustani ya Tamarack